Dawa imeisha dirishani, na bei aliyolipa jirani ni siri

Mama anafika zahanati saa mbili asubuhi, mtoto wa miaka miwili mgongoni, anahema haraka haraka. Mtoto anapimwa, inaonekana ni nimonia, anaandikiwa amoksilini. Dirishani jibu ni lile ambalo wazazi wengi wanalijua: "Dawa imeisha, kanunue nje." Kwa sera ya Tanzania, mtoto wa chini ya miaka mitano hutibiwa bila malipo katika vituo vya serikali, lakini msamaha wa kwenye karatasi haujazi kopo tupu. Hela ya unga inakwenda duka la dawa.

Dawa huisha kwa sababu nyingi. Maombi huchelewa, fedha hazitoki kwa wakati, barabara hukatika. Ipo sababu nyingine ambayo haizungumzwi sana nyumbani, nayo ni bei ambayo serikali yenyewe ilinunulia. Bajeti ikiwa ile ile na bei ikawa mara mbili, makopo yanayofika ni nusu.

Sasa, mnunuzi wa serikali atajuaje kama amepigwa? Mama anayetaka gunia la mkaa huuliza kwanza mtaani: wewe umenunua ngapi, na kwa nani? Nchi nyingi hununua dawa za mabilioni bila kuuliza hivyo. Nyingine haziruhusiwi hata kujibu, kwa kuwa mkataba zilizosaini na kampuni una kipengele cha siri.

Wakati wa Uviko-19 siri hiyo ilivuja. Desemba 2020 waziri mmojawapo wa Ubelgiji aliweka mtandaoni bei za chanjo walizokubaliana Umoja wa Ulaya, kisha akaziondoa, lakini watu walikuwa wameshaziona. Chanjo ya AstraZeneca ilikuwa euro 1.78 kwa dozi. Wiki chache baadaye ikajulikana kuwa Afrika Kusini ingelipa dola 5.25 kwa chanjo hiyo hiyo, iliyotengenezwa India. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba Ulaya ilichangia gharama za utafiti. Hata hivyo, ilibidi shirika la kiraia liende mahakamani Pretoria, likashinda Agosti 2023, ndipo mikataba ya chanjo ya Afrika Kusini ikawekwa wazi.

Kampuni za dawa hujitetea kuwa siri huziwezesha kuzipunguzia bei nchi maskini bila nchi tajiri kudai punguzo hilo hilo. Hoja hiyo ni ngumu kuimeza ukitazama tarakimu hizo mbili.

Uwazi nao una historia yake. Mwaka 2000 dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi zilizidi dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ilitangaza hadharani kuwa ingeliuzia shirika la Madaktari Wasio na Mipaka kwa dola 350. Shirika hilo likaanza kuchapisha bei za kampuni mbalimbali, na kila wizara ikaweza kwenda mezani ikijua wengine wanatajiwa ngapi. Ushindani ukafanya kazi yake. Mwaka 2023 Mfuko wa Dunia ulitangaza bei ya chini ya dola 45 kwa mwaka.

Kwa ukanda wetu, nchi za SADC zina mpango wa kununua dawa kwa pamoja, na mwaka 2017 mawaziri wa afya waliichagua Bohari ya Dawa ya Tanzania, MSD, kuuratibu. Kabla ya kuagiza pamoja kuna hatua nyepesi zaidi: kila nchi kuweka mezani bei iliyonunulia, na kwa nani. Hatua hiyo haihitaji ghala wala meli. Inahitaji karani anayejaza taarifa kwa wakati, na wizara isiyoona aibu ikigundulika ililipa zaidi ya jirani.

Bei zenyewe lazima zilinganishwe kwa makini. Kopo la vidonge 1,000 si sawa na la vidonge 100, hivyo hesabu huwa ni kwa kidonge kimoja. Bei ya kiwandani India si bei ya bandarini Dar es Salaam, na Malawi au Zambia zina gharama ya malori juu yake. Aina ya dawa nayo ina uzito. Kwa nimonia ya watoto, Shirika la Afya Duniani hupendekeza amoksilini ya vidonge vinavyoyeyuka kwenye maji, ambavyo ni vyepesi kusafirisha na kutunza kuliko chupa za dawa ya maji. Anayelinganisha bei ya chupa na ya vidonge hivyo atadhani amepata, kumbe amelinganisha vitu viwili.

Mei 2019 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzihimiza serikali kutangaza bei halisi zinazolipa. Kenya na Uganda zilikuwa miongoni mwa waliolidhamini. Uingereza na Ujerumani zilijitenga nalo. Azimio halimfungi mtu, na mwaka uliofuata mikataba ya chanjo ikasainiwa kwa siri.

Kwa mzazi aliyeambiwa akanunue nje, la kwanza ni kuomba dawa kwa jina lake halisi, si la kampuni, kwa kuwa bei hutofautiana sana, na kununua dozi nzima. Mtoto akitulia, kuna la kufuatilia. Zahanati ina kamati yenye wawakilishi wa wananchi, na MSD hutoa orodha ya bei inazoviuzia vituo. Mjumbe wa kamati anaweza kuulizwa amoksilini iliagizwa lini, yalikuja makopo mangapi, na kidonge kimoja kilikuwa shilingi ngapi.