Kununa Si Malezi



Jioni moja hapa Ufukoni nilikuwa barazani nikiwatazama mabinti wakicheza rede. Mmoja, wa miaka tisa hivi, akawaamuru wenzake: "Huyu msimsemeshe mpaka Ijumaa." Wakatii wote. Aliyetengwa akakaa pembeni akichora mchanga kwa kidole. Ile sauti niliijua. Ni ya mama yake, binti akimkosea: "Leo nisisikie ukiniita mama."

Mtaniambia samaki mkunje angali mbichi. Haya, mkunje. Mpangie saa ya kurudi, mkatalie simu, kagua daftari lake la madrasa. Ninachopinga ni kumnunia mtoto siku nzima, kumsimanga kwa uchungu uliomzaa nao kila akiomba kwenda kwa shangazi, kumsifu mdogo wake ili yeye aumie. Mtafiti wa Marekani, Brian Barber, alizitenganisha njia hizi mwaka 1996: kusimamia mwenendo wa mtoto ni jambo moja, kuutawala moyo wake ni jingine. Mwaka mmoja kabla, Nicki Crick na Jennifer Grotpeter waliandika kuhusu watoto wanaowaumiza wenzao bila kuwagusa, kwa kuwatenga na kuwasengenya. Watu wa pwani tunaoijua mipasho hatukusubiri kuambiwa!

Na haliishii hapo. Mama ananuna, binti anajifunza, naye anamnunia mama, mama anazidi kukaza kamba. Miaka inapita, binti anaolewa, anamsusa wifi. Halafu anazaa.

"Mbona sisi tulilelewa hivyo na tumekua?" Tumekua, ndiyo. Hebu hesabu ndugu wasiosemeshana katika ukoo wenu.

Aya ya 11 ya Sura Al-Hujurat inawataja wanawake waziwazi, wasiwadharau wanawake wenzao. Watoto tunawahifadhisha. Na ile hadithi ya kutohamana zaidi ya siku tatu, nimemsikia mama mzima akiigeuza ruhusa: "Bado sijamaliza siku zangu." Astaghfirullah. Anas bin Malik alimtumikia Mtume (s.a.w.) miaka kumi tangu akiwa kijana mdogo, na akasimulia kuwa hakuwahi kuambiwa hata "uff".

Bi harusi unayefundwa mwezi huu, muulize kungwi wako: mwanangu akinikosea, nifanye nini? Akikujibu "mnunie", tafuta kungwi mwingine.