Urefu wa Ufunguo Si Nguvu Yake

Mkaguzi wa mifumo huuliza, "Ufunguo wenu una biti ngapi?" Akijibiwa 2048, hutia alama ya vema na kufungua ukurasa unaofuata. Hoja yetu katika toleo hili ni kwamba swali hilo halitoshi.

Ufunguo wa RSA wa biti 2048 hauna nguvu ya biti 2048. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, inaukadiria kuwa na nguvu ya biti 112 tu. Mshambuliaji hana haja ya kujaribu funguo zote mojamoja. Anatafuta namba mbili tasa zilizozidishwa kuuunda, na hesabu ya kuzitafuta ina njia za mkato. Ufunguo wa mikunjo ya duaradufu wenye biti 256 unafikia nguvu ya 128. RSA hailingani nao mpaka ifike 3072. Ukubwa wa pua si wingi wa makamasi.

Maktaba ya OpenSSL imetenganisha mambo haya mawili. EVP_PKEY_get_bits hurudisha urefu. EVP_PKEY_get_security_bits hurudisha makadirio ya nguvu. Mwandishi wa programu anayetumia ya kwanza kukataa kila ufunguo ulio chini ya 2048 ataukataa pia ule wa 256 ulio imara zaidi. Wateja wakianza kulalamika, ataufuta ukaguzi wote, na hapo RSA ya biti 512 itapita bila kuulizwa.

Hata makadirio ya nguvu yana mipaka. Mwaka 2006, Debian, mradi wa mfumo endeshi wa Linux, iliondoa msimbo fulani katika toleo lake la OpenSSL, na funguo zilizoundwa nalo zikabaki kutegemea namba ya mchakato wa kompyuta, ambayo haikuzidi 32,768. Kasoro hiyo ilitangazwa Mei 2008. Katika kipindi hicho chote funguo zilikuwa na urefu kamili na zingefaulu vipimo vyote viwili, ilhali ziliweza kukisiwa zote kwa muda mfupi.

Kwa hiyo, wanaotunga masharti ya usalama waandike kiwango cha chini kwa biti za nguvu, wakitaja na aina ya ufunguo. Wanaoandika programu waiulize maktaba nguvu kabla ya kuukubali ufunguo, na wahakikishe ulizaliwa kwenye chanzo cha bahati nasibu kinachoaminika. Mkaguzi asiyeuliza hayo bado hajakagua.