Tarehe ya Dawa Haingoji Bonane



Mwisho wa mwaka umekaribia. Kuanzia mashamba ya chai ya Shagasha hadi bonde la Bugarama, kwenye saruji na mpunga, kila nyumba inapiga hesabu ya mchele, mafuta, nguo za watoto na chochote cha kuteremshia chakula. Tarehe 25 na 26 Desemba, tarehe 1 na 2 Januari ni siku za mapumziko kwa mujibu wa sheria. Ni haki yetu, tumeitolea jasho, wala hakuna wa kutuonea haya tukisherehekea.

Lakini wapo wenzetu wanaohesabu kwa kalenda nyingine. Hao ni wagonjwa wa saratani walio katikati ya tiba. Wao hawaulizi Noeli inaangukia siku gani. Wanauliza tarehe ya dawa inaangukia siku gani.

Tulio wazima tuelewe jambo hili. Dawa kali za saratani, zile zinazopitishwa kwenye mshipa, hutolewa kwa zamu, na mara nyingi zamu moja ni siku 21. Aliyepata dawa tarehe 7 Desemba, zamu yake inayofuata ni tarehe 28, katikati kabisa ya Noeli na Bonane. Siku hizo hazikupangwa ovyo. Dawa hupiga saratani, lakini hupiga na chembe nzuri za damu. Siku 21 ni muda wa mwili kujijenga, kabla saratani haijapata nafasi ya kuinua kichwa tena. Mgonjwa asipofika siku yake, saratani ndiyo inayopewa likizo. Tiba ya mionzi nayo hutolewa Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki kadhaa, na kwa saratani ya shingo ya kizazi waganga wanataka tiba yote iishe ndani ya wiki 8. Siku iliyopotea lazima ifidiwe.

Tukumbuke pia tulikotoka. Kituo cha saratani cha Butaro, wilayani Burera, kilifunguliwa mwaka 2012. Mionzi haikupatikana nchini hata baada ya hapo, na wagonjwa walipelekwa nje. Mwaka 2016 mashine ya Mulago, iliyokuwa ya pekee nchini Uganda, iliharibika, na watu wa nchi kadhaa wakakosa pa kwenda. Ni mwaka 2019 tu ndipo mionzi ilipoanza kutolewa hapa kwetu, katika Hospitali ya Kijeshi ya Kanombe. Na Januari 2025 serikali iliamua kuingiza tiba ya saratani katika huduma zinazolipiwa na mituweli. Hizi ni hatua kubwa, na tunazipongeza.

Basi kikwazo kimebaki wapi? Kwetu sisi wa Rusizi kimebaki barabarani. Butaro iko kaskazini, karibu na mpaka wa Uganda, nasi tuko pembe ya kusini magharibi. Ni kupanda basi Kamembe, kukata msitu wa Nyungwe, kufika Kigali jioni, kutafuta pa kulala, na kesho yake kupanda basi jingine. Mwisho wa mwaka mabasi hujaa. Na mchumaji anayelipwa kwa kilo, siku asiyochuma hana senti. Safari moja inamla nauli na ujira wa siku nne.

Mwaka jana tulipata aibu ambayo hatutaki kuificha. Katika kundi letu la uchumaji tulichangishana mbuzi na vinywaji vya Bonane, na kila mtu alitoa bila kusukumwa. Dada mmoja wa kundi hilohilo alikuwa na tarehe ya dawa wiki ileile. Nauli haikutimia. Aliona haya kuomba wakati watu wanacheka, na alimwogopa kapita asije akamfuta kwenye orodha. Akakaa nyumbani. Sisi tulijua katikati ya Januari. Kapita ana lake la kujibu, lakini na sisi tulikula mbuzi yule.

Wazee wetu wasingefanya hivyo. Walikuwa na ingobyi. Mtu akizidiwa kilimani, wanaume wa kilima walimweka kwenye ingobyi na kumbeba kwa zamu mpaka hospitali, iwe mvua, iwe sikukuu. Aliyekwepa zamu yake alitozwa faini. Hakuna aliyeuita ule msaada. Ilikuwa ni deni, kwa kuwa kesho mgonjwa angekuwa wewe. Tunasema kwamba nauli ya tarehe ya dawa ndiyo ingobyi ya leo.

Wengine watasema huo ni wajibu wa serikali na wa mwajiri. Ni kweli, na tuudai. Sheria ya Kazi ya mwaka 2018 inaitambua likizo ya ugonjwa kwa cheti cha daktari. Chama kikae mezani na waajiri, tarehe ya dawa iandikwe kwenye mapatano, na kibarua wa kilo asipoteze nafasi yake kwa kwenda kutibiwa. Lakini mazungumzo huchukua miezi, na tarehe 28 Desemba haitangoja.

Kwa hiyo tunapendekeza haya, yaanze mwezi huu.

Kwanza, kila tawi na kila ikimina kabla ya kununua mbuzi kiulize: nani ana tarehe ya dawa kati ya Noeli na Bonane? Nauli yake na ya msindikizaji itolewe kwanza, na tiketi ikatwe mapema.

Pili, tubadilishane zamu, ili mgonjwa akirudi akute nafasi yake ipo.

Tatu, tujue dalili ya hatari. Anayetumia dawa hizi akishikwa na homa, joto likifika 38, au akitetemeka kwa baridi, asimezeshwe vidonge na kuambiwa angoje sikukuu ipite. Apelekwe usiku huohuo Gihundwe au Mibilizi, kwa ipi iliyo karibu, na daftari lake la tiba mkononi. Askari wa mwili wake ni wachache, na saa chache zinaweza kumwua.

Nne, tumtembelee, lakini kwa akili. Saratani haiambukizi, tusimwogope. Ila mwenye mafua amsalimie akiwa mlangoni. Maziwa yachemshwe, matunda yaoshwe. Tusimlazimishe kula wala kunywa urwagwa. Harufu ya nyama choma inayotuita sisi, huenda inamfukuza yeye. Kibakuli kidogo cha uji na mazungumzo ya kazini vinamtosha. Akichoka, tuage.

Ndugu zetu Waislamu wa Bugarama, neno hili ni lenu pia Idi itakapofika. Sikukuu ni zetu sote, na wagonjwa ni wetu sote.

Mwaka huu mbuzi awe mdogo. Ingobyi itoke kwanza.

Umoja ni nguvu!