Neno la mwisho mlimani liwe la mwongozaji

Agosti 1820, Dk. Joseph Hamel, mwanasayansi aliyekuwa akiitumikia dola ya Urusi, alikwama na msafara wake kwenye miamba ya Grands Mulets, njiani kuelekea kilele cha Mont Blanc. Dhoruba iliwazuia hapo, na ilipotulia iliacha theluji mpya juu ya ile ya zamani. Waongozaji wake, wenyeji wa bonde la Chamonix ambalo leo ni sehemu ya Ufaransa, waliijua hatari ya theluji ya namna hiyo. Simulizi za bondeni zinasema baadhi yao walitaka kushuka, lakini mteja akashikilia wapande. Tarehe 20 mwezi huo poromoko la theluji likawazoa. Waongozaji watatu, Pierre Balmat, Pierre Carrier na Auguste Tairraz, walitumbukia kwenye ufa wa barafu. Hamel na wageni wenzake walirudi salama.

Mto wa barafu haukai mahali pamoja. Hushuka polepole mwaka hadi mwaka, na mtaalamu wa Scotland James David Forbes alipiga hesabu akasema miili ile ingefika chini baada ya miongo kadhaa. Hakukosea. Mwaka 1861 barafu ya Bossons ilianza kutema mabaki, nguo na vifaa vya marehemu, na mwongozaji mmoja aliyekuwa amenusurika, wakati huo mzee, akavitambua vitu vya wenzake.

Chamonix haikungoja miaka 41 ili kuchukua hatua. Mwaka 1821, mwaka mmoja tu baada ya ajali, waongozaji walianzisha umoja wao, Compagnie des Guides, ambao upo hadi leo. Uliweka bei zinazojulikana, zamu za kazi ili watu wasigombanie wateja, na mfuko wa kuwasaidia waliopatwa na ajali pamoja na familia zao. Kazi ya kuwapeleka wageni kileleni ilianza kuwa taaluma pale, kwa sababu watu watatu walikufa kwa kufuata uamuzi wa mtu mwingine.

Karne mbili zimepita, biashara ya kupandisha wageni milimani imeenea dunia nzima, na suala lile la Grands Mulets halijatatuliwa: nani ana mamlaka ya kusema turudi? Makala haya yanashikilia kwamba ni mwongozaji, na kwamba mamlaka hayo ni maneno matupu kama hayakuandikwa kwenye mkataba na kulindwa kwa fedha. Suala hili linaihusu Tanzania kuliko nchi nyingi, kwa kuwa mlima mrefu kuliko yote Afrika uko kwetu na mkate wa maelfu ya familia za Moshi na Arusha unatoka huko.

Tuanze na Everest, maana ndiko biashara hii ilikofika mbali zaidi. Tarehe 7 Juni 1922, chini ya North Col upande wa Tibet, poromoko la theluji liliua wapagazi saba wa msafara wa Uingereza. George Mallory ndiye aliyekuwa akiongoza siku hiyo, na yeye na Waingereza wenzake waliopanda naye walitoka wazima. Hata hivyo walibaki na uchungu mkubwa. Howard Somervell aliandika kwamba alitamani angalau Mwingereza mmoja awe miongoni mwa waliokufa, ili ionekane kwamba hatari ilikuwa ya wote.

Haikuwa ya wote, na mpangilio wa kazi ulibaki vilevile. Upande wa Nepal, kila majira ya kuchipua, Sherpa wachache, wenyeji wa milima hiyo, hutangulia kwenye maporomoko ya barafu ya Khumbu. Hufunga kamba na kulaza ngazi za alumini juu ya nyufa kabla ya mteja yeyote kupita. Baada ya hapo huanza safari za mizigo: mahema, gesi, chakula, mitungi ya oksijeni. Mteja hupita Khumbu mara chache, lakini Sherpa anayembebea hupita mara nyingi zaidi, aghalabu usiku wa manane, wakati barafu imekazwa na baridi. Asubuhi ya tarehe 18 Aprili 2014 bonge kubwa la barafu lilimeguka juu yao. Walikufa watu 16, wote Wanepali.

Serikali ya Nepal ilitangaza kuzipa familia rupia 40,000, kama dola 400 za Marekani kwa kila marehemu. Wakati huo kibali cha mpandaji mmoja kilikuwa kikiuzwa dola 10,000 au zaidi. Sherpa walikataa kuendelea na kazi, na msimu wa upande wa kusini ukafungwa karibu wote. Ndipo kiwango cha chini cha bima ya maisha ya wafanyakazi wa mlimani kilipopandishwa, kutoka dola 10,000 hadi 15,000. Fedha hizo bado ni chache kwa mjane mwenye watoto wa kusomesha, lakini zisingepatikana kama watu wale hawangeweka mizigo chini.

Kuna wanaosema mwongozaji mzuri hahitaji kulindwa kwa maandishi, kwamba uzoefu wake unatosha. Mei 1996 inawajibu. Rob Hall wa New Zealand alikuwa miongoni mwa waongozaji walioheshimiwa zaidi Everest, na wateja wake walilipa hadi dola 65,000 kila mmoja. Ilikuwa inajulikana kwamba saa 8 mchana ndiyo mwisho wa kupanda, hata kama kilele kiko mbele ya macho. Tarehe 10 Mei Hall alimfikisha kileleni mteja wake wa mwisho baada ya saa 10 alasiri. Alikuwa amemrudisha mteja huyohuyo mwaka uliotangulia, karibu kabisa na kilele. Dhoruba iliwakuta wakishuka, wote wawili wakafa, na jumla ya watu waliopoteza maisha mlimani katika mkasa huo ilifika wanane. Hall aliijua kanuni na aliwahi kuisimamia. Kilichomshinda ni kumrudisha mara ya pili mtu aliyelipa, aliyejinyima na kungoja mwaka mzima.

Lakini mamlaka bila mafunzo ni hatari nyingine. Mwishoni mwa Aprili 2018 kundi la watelezaji wa ski lilikuwa kwenye Haute Route, njia maarufu ya kuvuka mito ya barafu kutoka Chamonix hadi Zermatt nchini Uswisi. Tufani lilitabiriwa, nao wakaendelea. Karibu na Pigne d'Arolla hawakuona hata hatua chache mbele, wakakesha nje kwenye upepo mkali. Watu saba walikufa, mwongozaji wao akiwamo, na kibanda cha Vignettes kilikuwa mita mia chache tu kutoka pale. Ni kwa sababu ya hatari za namna hii Ulaya haimwachii kazi hii mtu yeyote tu. Cheti cha shirikisho la kimataifa la waongozaji wa milima, lililoundwa mwaka 1965, huchukua miaka ya mafunzo na mitihani kwenye mwamba, kwenye barafu na kwenye ski, na hata hivyo makosa hutokea.

Kilimanjaro nao una historia yake ya barafu, hata ya ski. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889, ilibidi wachonge ngazi kwenye barafu kwa sururu. Marangu wanamtaja Yohani Kinyala Lauwo kuwa ndiye aliyewaonyesha njia. Vitabu vya Ulaya vilimtukuza Meyer tangu mwanzo, ilhali Lauwo alienziwa rasmi kwenye maadhimisho ya miaka 100, mwaka 1989. Mwaka 1912 Walter Furtwängler na Siegfried König walipanda na ski na kuteleza nazo juu ya mlima huu wa tropiki. Tangu mwaka huo hadi 2007, vipimo vya wanasayansi vinaonyesha, asilimia 85 hivi ya barafu ya Kilimanjaro imetoweka. Barafu iliyopewa jina la Furtwängler imebaki kipande tu.

Barafu inayoyeyuka haifanyi mlima kuwa rahisi. Mawe yaliyoshikiliwa nayo huachiwa. Januari 2006, kwenye njia ya Western Breach, mawe yaliporomoka yakawaua wapandaji watatu Wamarekani, na njia ikafungwa kwa muda. Kule Rwenzori, waongozaji wa Kikonzo wanaowapeleka wageni kilele cha Margherita, mita 5,109, wanakuta mwamba mtupu mahali ambapo zamani walitembea juu ya barafu. Njia aliyoijua baba si lazima iwe salama kwa mwana, na anayeweza kuligundua hilo mapema ni yule anayepita kila mwezi.

Hata hivyo adui mkubwa wa mpandaji wa Kilimanjaro ni haraka, kuliko mawe na barafu. Chukua safari ya siku tano kwa njia ya Marangu. Usiku wa kwanza mtu analala Mandara, takriban mita 2,700. Wa pili Horombo, 3,700. Wa tatu anajilaza saa chache Kibo, 4,700, kisha saa 6 usiku anaamshwa kuelekea kilele cha Uhuru, 5,895. Madaktari wa maeneo ya juu wanashauri kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike. Ratiba hii inaruka mita 1,000 siku moja, inaruka 1,000 nyingine siku inayofuata, halafu inamdai mtu mita 1,200 nyingine usiku uleule. Kichwa kuuma na kutapika ni mwanzo tu. Yanayoua ni maji kujaa kwenye mapafu na ubongo kuvimba, na dawa ya uhakika ya yote mawili ni kushuka, mara moja.

Mwongoza watalii mwenye uzoefu anavijua vitu hivi kwa macho. Gizani, chini ya taa ya kichwani, haangalii uso wa mteja, anaangalia miguu. Humuuliza jambo dogo, jina la kambi ya jana au walichokula, kisha husikiliza jibu limechukua muda gani kuja. Akiwa na shaka, humwambia atembee mstari mmoja, kisigino kikigusa vidole vya mguu mwingine. Anayeshindwa kufanya hivyo hapaswi kupanda hata hatua moja zaidi. Akizidiwa, atashushwa kwenye machela ya gurudumu moja, wanaume wakiishikilia pande zote kwenye mteremko wa mawe, kwa saa nyingi.

Sasa fikiria mwongozaji huyo anapima na mambo mengine. Mteja ametoka mbali na anataka picha kwenye ubao wa Uhuru. Kampuni inataka sifa ya kufikisha watu wengi kileleni. Bahshishi ya timu nzima, ambayo kwa wengi ni sehemu kubwa ya kipato, inaweza kupungua mgeni akirudi na kinyongo. Hapo mtu analazimika kuchagua kati ya uhai wa mgeni na ada ya shule ya mtoto wake, na si haki kumwachia mzigo huo peke yake saa 10 alfajiri kwenye mita 5,500.

Na nyuma yake kuna wagumu, kama wapagazi wanavyoitwa Moshi. Kanuni inasema mpagazi abebe kilo 20 za msafara, mbali na vitu vyake binafsi, na ndiyo maana kuna mizani kwenye mageti. Shirika la KPAP, linalotetea wapagazi tangu mwaka 2003, limekuwa likisisitiza mambo ya msingi kabisa: ujira wa haki, milo mitatu, mahali pa kulala penye staha, nguo za baridi. Kwamba mambo haya bado yanahitaji kutetewa inatosha kuonyesha tuko wapi. Safari ya bei ya kutupa lazima ikatwe mahali, na hukatwa kwenye siku za kuzoea hewa au kwenye sahani ya mpagazi.

Yapo yanayowezekana bila kungoja fedha za wafadhili. Tozo ya hifadhi hulipwa kwa siku, kwa hiyo kila siku ya ziada inayomlinda mpandaji inamgharimu zaidi, na kampuni inayouza siku tano inaonekana nafuu kuliko inayouza saba. Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, lingeweza kugeuza hesabu hiyo: siku ya sita na ya saba zitozwe kidogo, na ratiba ya siku tano kwenda Uhuru ifutwe kabisa. Kila mkataba useme wazi kwamba mwongozaji akiamuru kushuka, amri hiyo haibishaniwi, na ujira wa timu unalipwa kamili pamoja na siku zilizobaki. Sehemu ndogo ya tozo iende kwenye mfuko wa ajali unaosimamiwa na waongozaji na wapagazi wenyewe, kama walivyofanya wenzao wa Chamonix mwaka 1821 bila kuwa na utajiri wowote.

Watanzania wengi hupanda kila Desemba kuadhimisha Uhuru, na wengi wetu huuliza swali moja tu: bei gani? Ndugu msomaji, ukipanga safari yako, au ukimtafutia mgeni wako kampuni, uliza maswali mengine matatu kabla ya kutoa fedha. Ni siku ngapi? Mpagazi analipwa kiasi gani kwa siku, na anakula mara ngapi? Mwongozaji akisema turudi, nani atalipwa na nani atakatwa? Kampuni isiyoweza kujibu la tatu, usipande nayo.