Petroli Juu ya Mpira wa Paa

Masika yanapoanza, si ajabu kuliona gari la watalii limeegeshwa Mugumu, fundi akiwa juu yake na bomba la silikoni mkononi. Paa la gari hilo limekatwa ili lipate kuinuliwa, abiria wasimame kutazama wanyama, na ukingoni pamezungushwa ukanda wa mpira. Ukanda ukichakaa maji hupenya. Fundi hupaka silikoni. Mwaka wa pili hupaka nyingine juu ya ile ya kwanza. Hatimaye ukingo mzima huwa tabaka juu ya tabaka, na maji yangali yakidondoka, kwa kuwa tabaka jipya halikuushika mpira. Limeshika vumbi na utelezi wa tabaka la zamani.

Hapo ndipo linapoletwa dumu la petroli ili kuondoa uchafu wote, na hapo ndipo penye kosa kubwa zaidi.

Mnamo 1823 Charles Macintosh wa Skotilandi aliyeyusha mpira kwa nafta, kimiminika kilichotokana na lami ya makaa ya mawe, akaupaka kwenye nguo na kupata makoti ya mvua. Nafta na petroli ni ndugu: zote ni michanganyiko ya haidrojeni na kaboni, na mpira pia umejengwa hivyo. Vitu vinavyofanana kwa tabia huyeyushana. Mpira wa leo hupikwa pamoja na salfa, kwa njia aliyoigundua Charles Goodyear wa Marekani mwaka 1839, kwa hiyo hauyeyuki. Lakini huinywa petroli, ukavimba, ukalegea. Silikoni, ambayo uti wake ni silikoni na oksijeni, haiyeyuki kwa petroli. Basi fundi huharibu kile alichotaka kukiokoa, na kile alichotaka kukiondoa hubaki. Tena mvuke wa petroli ndani ya gari lililofungwa huhitaji cheche moja tu.

Njia iliyo bora ni ya polepole. Gari lianikwe juani, silikoni ipate joto kidogo, kisha ikwanguliwe kwa kipande cha plastiki kisicho na makali. Utando unaosalia ufutwe kwa kitambaa chenye spiriti, paoshwe kwa sabuni, pakaushwe kabisa. Ni kazi ya kutwa nzima, na mwenye gari hupenda kulipia kupaka, si kukwangua!

Lawama zisimwangukie fundi peke yake. Wengi wa mafundi wa Tarime na Serengeti wamepita darasani, ambako habari ya kuyeyuka kwa vitu aghalabu huanzia kwenye chumvi na maji na kuishia hapo hapo. Mwalimu wa kemia hahitaji maabara kubwa ili kwenda mbele zaidi. Vipande viwili sawa vya mpira wa ndani wa baiskeli vipimwe kwa rula. Kimoja kitiwe katika mafuta ya taa, cha pili katika spiriti, mbali na moto, vyombo vikiwa vimefunikwa. Kesho yake vipimwe tena. Kile cha spiriti kitakuwa karibu vile vile. Cha mafuta ya taa kitakuwa kimerefuka na kunenepa, nacho kikivutwa hukatika kwa urahisi.