TULISOMA MIZANI, HATUKUSOMA REDIO

Ndugu wanachama na wanakijiji wote,

Asubuhi ile ya msimu wa ufuta mliona wenyewe. Lori la ushirika limeshapakiwa magunia ya kwenda ghalani Nachingwea. Dereva akawasha, lori likaguna mara moja, kimya. Tukasukuma mpaka jasho likatutoka, wapi! Betri zimekufa. Tukakodi gari la watu, na pesa ya kukodi imetoka kwenye mfuko wetu sote.

Tangu siku hiyo maneno ni mengi. Wengine wanataka redio ing'olewe. Wengine eti utingo aachishwe kazi kwa sababu alilala ndani ya lori akisikiliza mpira. Sisi tunasema hapana. Siku redio inafungwa sisi viongozi tulikuwepo, tukapiga makofi. Hakuna aliyeuliza swali hata moja.

Kosa ni hili. Redio ile ni ya gari dogo, ya volti 12, na imeandikwa hivyo mgongoni kwake. Lori letu ni la volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zimeungwa zikafuatana. Fundi alijua akiiunga kwenye 24 itaungua pale pale. Basi akachukua umeme kwenye betri moja tu. Redio ikaimba, tukafurahi. Kumbe ni kama watu wawili wanaobeba mzigo kwa mti mmoja, mmoja kashiba, mwenzake kashinda njaa. Injini inazichaji betri zote mbili kama kitu kimoja. Ile inayonyonywa na redio haijai, na ile nyingine inajazwa kupita kiasi mpaka maji yake yanakauka. Mwisho zinakufa zote mbili.

Redio ni kitu cha maana. Mwaka 1973 wazee wetu walikaa kwenye vikundi kuisikiliza katika kampeni ya Mtu ni Afya, wakatoka pale wakachimba vyoo. Leo dereva akiwa njiani kati ya Ruangwa na Nachingwea anasikia habari za minada na za mvua, halafu anatuletea. Tena inamwondolea usingizi.

Kwa hiyo tuifunge upya, sawasawa:

1. Kinunuliwe kifaa cha kushusha umeme kutoka volti 24 hadi 12, chenye nguvu inayoitosha redio. Kiungwe kwenye betri zote mbili, siyo moja.

2. Fyuzi iwekwe karibu kabisa na betri. Waya usio na fyuzi ukichubuka na kugusa bodi, ni moto. Na nyuma kuna magunia yetu.

3. Waya wa kuwashia redio upite kwenye swichi ya ufunguo. Ufunguo ukitoka, redio inyamaze.

4. Kila spika iwe na waya zake mbili, zote zirudi kwenye redio. Katika magari ya zamani waya mmoja wa spika uliweza kufungwa kwenye bodi. Redio nyingi za siku hizi ukizifanyia hivyo unaziua.

5. Fundi apime kila waya kwa mita. Lori hili limepita mikono mingi, rangi za waya zake zinadanganya.

Bei ya vifaa na ya fundi isomwe mbele ya mkutano, wanachama waamue. Pasiwe na mtu wa kukubaliana na fundi pembeni.

Jamani, tuliingia darasa la kisomo, wengine na mvi zetu, ili tusipunjwe kwenye mizani. Mizani tunaisoma kweli. Lakini maandishi ya mgongoni mwa redio yalikuwa mbele ya macho yetu, na hakuna aliyeinama kuyasoma. Jumatano redio italetwa darasani. Kila mmoja ataishika, ataigeuza, atasoma mwenyewe.

Ushirika ni nguvu.

Katibu wa Chama, Tawi