Miaka Miwili Si Nusu ya Elimu

Yasikitisha kuona kwamba hapa Nyakabiga, jirani na Kampasi ya Mutanga ya Chuo Kikuu cha Burundi, bado wako wazazi, na hata walimu, wanaombeza kijana aingiaye chuo cha miaka miwili. Ati ameishia njiani! Dai hilo halina msingi.

Wanaolitoa wameisahau historia yetu wenyewe. Kabla ya mfumo wa BMD, ulioletwa na sheria ya mwaka 2011, masomo ya Chuo Kikuu chetu yalikuwa na ngazi mbili: kandidatura ya miaka miwili, kisha lisansi. Nani alimwita mwanafunzi wa kandidatura mtu aliyeshindwa? Kwa nini basi miaka miwili iheshimiwe ndani ya ukuta wa Mutanga na kudharauliwa nje yake? Huko Marekani, Chuo cha Joliet, jimboni Illinois, kilianzishwa mwaka 1901 ili vijana wasome karibu na kwao miaka miwili ya mwanzo ya chuo kikuu, kisha waendelee mbele.

Wako watakaosema kwamba elimu ya vyuo hivi ni hafifu. Palipo na udhaifu, na pakaguliwe. Lakini kijana apimwe kwa alichojifunza, asihukumiwe kwa jina la chuo chake.

Kasoro kubwa iko kwingine. Chuo kikuu kinachomwamuru mwenye stashahada kuanza upya mwaka wa kwanza, katika somo lile lile, kinamlipisha mzazi mara mbili kwa kitu kimoja. Mfumo wa BMD huhesabu kredi 60 kwa mwaka na 180 kwa shahada ya kwanza. Kipimo basi tunacho. Kinachokosekana ni nia ya kukitumia. Daraja lisilofika ng'ambo si daraja.

Sisi walimu tunao wajibu. Kabla mwanafunzi hajaandikishwa, tumfundishe kuuliza mambo matatu: Je, chuo hiki kinatambuliwa na serikali? Ni chuo kikuu kipi kitakachozipokea kredi zake, na katika somo gani? Makubaliano hayo yameandikwa wapi? Chuo kisichoweza kujibu hakistahili ada ya maskini. Na chuo kikuu kisichotaka kuulizwa kisijisifu kwamba milango yake i wazi kwa wote.

Bandu bandu huisha gogo. Aliyekwisha kulikata nusu asirudishwe kwenye gome.